Foamu Haitaki Gundi Kali

Ingia duka lolote la vifaa pale Majengo, hapa Dodoma mjini, useme unataka gundi ya kubandikia mapambo kwenye foamu. Swali utakaloulizwa ni hili: "Ya kawaida au kali?" Na sisi wenye shughuli kesho, ukumbi umeshalipiwa na bibi harusi anapiga simu kila baada ya nusu saa, tunajibu bila kuwaza: kali. Muuzaji anashusha kopo la gundi ya mafundi viatu, au anabandua kichupa cha supagluu kwenye kadi yake. "Hii dada yangu, inashika mpaka chuma." Hakudanganyi, chuma inashika. Ila foamu si chuma, na hasara huanzia hapo.

Nimekuwa nikimsaidia mama mdogo kazi za mapambo kwa miaka kadhaa, nyumbani Nkuhungu na kwenye kumbi za Kisasa hadi Nzuguni: send-off, kipaimara, mahafali ya chekechea. Katika yote tunayoulizwa na wanaoanza kazi hii, la gundi ndilo linaloongoza, na majibu yanayozunguka mitaani yanagongana. Mmoja anaapa kwamba gundi ya viatu haijawahi kumharibia foamu. Mwingine anasema ilimlia herufi nzima. Mmoja hatumii kitu ila bunduki ya gundi ya moto, mwingine ilimtobolea keki bandia mbele ya mteja. Nimekuja kugundua kwamba wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba hawazungumzii foamu moja.

Jina moja, vitu vitano

Foamu inayotutesa zaidi ni ile nyeupe, nyepesi, inayokuja imekumbatia televisheni au friji ndani ya boksi. Ukiivunja inapukutika vipunje kama bisi, na miezi ya Julai na Agosti, hewa yetu ikiwa kavu, vipunje hivyo vinang'ang'ania mikono na nguo mpaka unachoka kupangusa. Ndiyo inayochongwa majina ya maharusi, namba za birthday na ngazi za keki bandia. Kitaalamu ni polistairini iliyoumuliwa, na neno kuumua linaifaa kabisa, maana asilimia 98 hivi ya ujazo wake ni hewa. Plastiki yenyewe ni kuta nyembamba sana zinazozunguka hewa hiyo. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Ndugu yake wa damu ni ile isiyo na vipunje, yenye uso laini, kama trei nyeupe za kuwekea nyama supamaketi. Sura tofauti, plastiki ileile, udhaifu uleule.

Ya tatu ni zile shiti za rangi zinazouzwa stationari, unazikunja zinarudi, watoto wanakatia maua na nyota. Hiyo ni EVA, ukoo mmoja na soli za ndala na raba. Ya nne ni sponji ya magodoro na makochi. Ya tano ni matofali ya kijani ya kuchomekea maua mabichi, ambayo ukibonyeza kidole alama inabaki palepale. Hii ya mwisho usiipake gundi kabisa. Inamomonyoka, na ikilowa haishiki chochote, kwa hiyo choma kijiti au waya.

Sasa yule fundi viatu anayekuambia gundi yake haina shida na foamu amezoea EVA, na kwa EVA yuko sahihi. Gundi yake imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Ukichukua ushauri wake ukaupeleka kwenye foamu nyeupe ya friji, umebeba jibu sahihi la swali lingine.

Abiria na basi lake

Gundi nyingi zina sehemu mbili. Kuna kile kinachonata, na kuna kimiminika kinachokibeba mpaka kifike mahali pake. Mimi hueleza hivi: kinachonata ni abiria, kimiminika ni basi. Abiria akishashuka, basi linaondoka hewani, na harufu inayokupanda puani ni basi likiondoka. Tunasema gundi imekauka, maana yake basi limeshaondoka lote na abiria wamekaa.

Ukielewa hivyo, kuchagua gundi ya foamu kunakuwa rahisi zaidi, kwa sababu mara nyingi anayeharibu foamu ni basi. Kwenye gundi nyeupe ya maseremala, ile ya maziwamaziwa, basi ni maji. Kwenye gundi ya viatu basi ni vimiminika vya jamii ya tolini na asetoni, ndugu wa tina ya kuchanganyia rangi. Maji na polistairini hayajuani. Tolini na polistairini zinajuana mno.

Sababu ni ileile inayofanya chumvi iyeyuke kwenye maji na isiyeyuke kwenye mafuta ya alizeti, au rangi ya mafuta igome kutoka mkononi kwa maji na itoke kwa tina: vitu huyeyushana na vile vinavyofanana navyo. Polistairini ni mnyororo mrefu, na kila pete ya mnyororo huo imening'iniza kiduara cha atomi sita za kaboni. Tolini nayo ina kiduara hichohicho. Zikikutana, tolini inajipenyeza kati ya minyororo, inaiachanisha, na ukuta wa foamu unalegea. Kumbuka zile asilimia 98 za hewa. Ukuta ukilegea hewa inatoka, na kilichokuwa kipande kikubwa kinarudi kuwa plastiki kidogo. Ndiyo maana tone dogo tu linaacha shimo kubwa, lenye kingo ngumu zinazong'aa kana kwamba zimepakwa vanishi. Foamu haikuungua. Imeyeyuka kama sukari kwenye chai.

Basi hilohilo limo kwenye vitu vingine ambavyo havina jina la gundi: petroli, rangi nyingi za kupuliza za kopo, rangi ya kucha na dawa ya kuitolea, gundi ya kupuliza ya mafundi makochi. Nimeona mtu amebandika kila kitu kwa uangalifu, kisha akapuliza rangi ya dhahabu juu na herufi zikakunjamana kama uso wa mzee. Ukitaka kupuliza, paka kwanza rangi ya maji ya ukutani mikono miwili, iache ikauke kabisa, ndipo upulize kwa mbali na kidogokidogo. Hata hivyo siwezi kukuhakikishia, kwa sababu tundu moja ambalo brashi imeliruka linatosha kuharibu. Kwa kazi ya mteja mimi napaka rangi ya maji tu, basi.

Ukali unaoulipia bure

Hili ndilo ningependa kila mpambaji alijue kuliko mengine yote, na ni jaribio la dakika moja. Chukua kipande cha foamu nyeupe kilichobandikwa ua kwa gundi ya seremala jana yake. Ling'oe lile ua. Angalia mgongo wake.

Utakuta vipunje vyeupe vimekuja nalo. Gundi haikuachia, iliyochanika ni foamu yenyewe. Maana yake ile gundi ya kawaida, ya bei nafuu, isiyo na harufu, tayari ina nguvu kuliko kitu inachokishikilia. Ukileta gundi yenye nguvu mara kumi, ua litang'oka kwa nguvu ileile, kwa sababu kiungo kinachokatika hakijabadilika. Kwa hiyo unapolipa zaidi upate kali, kwenye foamu hununui uimara wowote. Unanunua basi lenye madhara.

Pambo likiwa zito, kioo au ua kubwa la kitambaa lenye waya, dawa yake ni kueneza uzito. Panua eneo la kubandikia, au choma kijiti cha mshikaki kikapite ndani ya foamu, ukipake gundi nyeupe kabla ya kukizamisha. Kijiti kinabeba uzito, gundi inazuia kisichomoke.

Gundi moja moja

Gundi nyeupe ndiyo chaguo langu la kwanza kwa karatasi, kitenge, satini, utepe, pamba, glita na mbegu. Vyote hivyo vinapitisha hewa au vinaacha nafasi kati yake, kwa hiyo maji yana njia ya kutokea. Hapa Dodoma tuna bahati: mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, miezi mingine hewa ni kavu, na gundi inakauka upesi kuliko kwa ndugu zetu wa Tanga na Dar. Lakini ukavu huo una mtego wake. Gundi inaota ngozi juu kabla hujabandika, hasa feni ikiwashwa au upepo ukipita dirishani. Paka eneo dogo, bandika, ndipo uendelee. Na futa vumbi kwanza. Foamu kavu inavuta vumbi kama sumaku, na gundi ikikutana na vumbi itashika vumbi, foamu itaiacha. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha, kisha subiri pakauke.

Shida ya gundi nyeupe huja pale unapobandika kitu kisichopitisha hewa juu ya foamu isiyopitisha hewa, kama lulu bapa ya plastiki, kioo, au foamu kwa foamu. Maji yamefungiwa katikati. Kwa nje inaonekana imekauka, katikati bado ni uji hata baada ya siku mbili. Kwa foamu juu ya foamu, kama ngazi za keki bandia, paka nyembamba pande zote mbili, acha mpaka inate kidoleni bila kuchafua, ndipo uunganishe na ushikize kwa vijiti vya kuchokolea meno. Ipe siku nzima. Na kama kazi itakaa nje msimu wa mvua, tafuta gundi ya mbao iliyotengenezwa kustahimili maji, maana hii ya kawaida ikilowa inarudi maziwa.

Bunduki ya gundi ya moto haina basi kabisa. Kinachoilainisha ni joto, na ikipoa imeshika. Hakuna kimiminika cha kuyeyusha foamu, lakini polistairini inaanza kulegea ikikaribia nyuzi joto 100, na bunduki kubwa hutoa gundi ya nyuzi 190 hivi. Zile za joto la chini hutoa kama 120. Ukitazama tofauti hiyo utaelewa kwa nini mmoja anaisifu na mwingine anailaani: wana bunduki mbili tofauti. Chukua ndogo, ya vijiti vyembamba, na kamwe usiminye gundi moja kwa moja kwenye foamu. Minya kwenye pambo, hesabu mpaka kumi taratibu, ndipo ubandike. Zile sekunde zinapunguza joto la kutosha. Hapo ndipo zile lulu, vioo na maua ya plastiki yaliyoshindikana kwa gundi nyeupe yanapokaa vizuri.

Kitu kingine kuhusu gundi ya moto ambacho jua letu linakifundisha kwa gharama: inayolainika kwa joto hulainika tena kwa joto. Mwezi wa Oktoba au Novemba, gari limefungwa vioo, limeegeshwa juani saa saba mchana nje ya ukumbi, ndani yake kunapanda mpaka gundi inalegea. Unafungua mlango unakuta lulu zimeteremka zote zimekusanyika chini kwenye kona ya boksi. Pakia jioni, au egesha kivulini na uache vioo wazi kidogo.

Supagluu ni mtu tofauti. Kwake basi si tatizo, abiria mwenyewe ndiye mkorofi. Kabla haijaganda, kimiminika chake kinaiyeyusha polistairini, na ikiganda inatoa joto. Ilizuka mwaka 1942 mikononi mwa mkemia wa Marekani, Harry Coover, ikawekwa kando kwa kuwa ilinata kila ilichogusa, na haikuuzwa mpaka 1958. Inanata kila kitu kwa sababu inagandishwa na unyevu, na karibu kila kitu kina utando mwembamba wa unyevu. Sasa fikiria kiangazi cha Dodoma. Unyevu ni haba, supagluu inachelewa, wewe unaona haijashika unaongeza tone lingine, na kila tone lililo majimaji linaendelea kuila foamu. Kuna supagluu maalumu kwa foamu wanazotumia waundaji wa ndege za kuchezea, lakini kama kichupa hakijaandikwa hivyo, hesabu kwamba siyo. Kwa EVA, supagluu ya kawaida inafaa, kidogokidogo.

Silikoni ya mafundi wa vioo na aluminiamu inashika vitu laini vizuri, na foamu nyeupe inaivumilia. Ile yenye harufu ya siki ifungulie madirisha. Nayo pia inategemea unyevu wa hewa, kwa hiyo kwetu ipe muda zaidi. Gundi ya kuchanganya mirija miwili haina basi la kuyeyusha, ila usirundike nyingi mahali pamoja maana inachemka yenyewe, na vaa glavu. Selotepu ya pande mbili ni nzuri kwa kitu chepesi cha saa chache. Uji wa unga wa ngano, tuliobandikia karatasi tukiwa shule ya msingi, bado unafaa kwa karatasi juu ya foamu na kwa watoto wadogo, mradi kazi isikae muda mrefu ikavutia mende na panya.

Usalama wa mikono inayobandika

Neno salama lina pande mbili, na mpaka hapa nimesema upande wa foamu tu. Basi la gundi ya viatu linaloila foamu linaingia pia mapafuni mwako na kichwani, na linashika moto. Msimu wa baridi wengi hufanya kazi usiku wamefunga milango, jiko la mkaa pembeni. Gundi ya aina hiyo na jiko la mkaa visikae chumba kimoja hata kwa dakika tano. Kopo lenye mchoro wa moto ndani ya pembenne yenye kingo nyekundu linakuambia hivyo hata kama maandishi yake ni ya Kichina. Kichwa kikianza kuuma au kuzunguka, toka nje. Usiseme utamalizia kwanza.

Kwa watoto sina mjadala: gundi nyeupe au uji wa ngano, na bunduki ya moto ishikwe na mtu mzima. Gundi ya moto ikimdondokea mtu, usiibandue. Weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka, dakika 20, ndipo uangalie kama ni ya kwenda zahanati. Supagluu ikigandisha vidole, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviachanishe taratibu kwa kuviviringisha, usivute. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji na uende hospitali, usijaribu kufungua kope kwa nguvu. Na usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba, kwani supagluu ikilowesha pamba hupata joto ghafla, huweza kuunguza ngozi.

Kwenye keki bandia kuna hatari inayosahaulika. Mara nyingi ngazi moja ni keki ya kweli, ile watakayokata maharusi, na nyingine ni foamu. Gundi iliyoandikwa haina sumu maana yake haitakudhuru ukiigusa. Haimaanishi ni chakula. Chochote kitakachogusa ile ngazi ya kweli kishikizwe kwa aisingi ngumu, na baina ya foamu na keki kuwe na ubao au kadibodi iliyofunikwa.

Kipande cha jaribio

Kabla ya kazi yoyote, kata kipande kutoka foamu ileile, boksi lilelile, na ubandike pambo lilelile kwa gundi unayotaka kutumia. Wengi huweka tone juu, wakatazama dakika tano, wakaona hakuna kitu wakaendelea. Tone lililo wazi linadanganya, kwa sababu basi linaondokea juu. Chini ya pambo halina pa kutokea, linageukia foamu usiku kucha. Kwa hiyo funika, lala, asubuhi ng'oa. Vipunje vimekuja na pambo na chini pako tambarare, endelea. Kuna bonde linalong'aa, rudisha gundi dukani.

Mama mdogo hakuwa na nafasi ya kulala jioni ile ya send-off ya binti wa jirani yetu. Nilifika nikamkuta ameketi kwenye mkeka, herufi kubwa ya R magotini, mguu mmoja wa herufi umeliwa mashimo saba kwa gundi ya viatu. "Shikamoo mama mdogo, umetumia ipi?" Akanionyesha kopo bila kunijibu. Tulilifunika, tukalitoa nje, tukaiacha herufi kwenye upepo mpaka harufu ikaisha. Kisha tukasugua mabaki ya foamu kwenye kikwangulio cha nazi tukapata vipunje bakuli zima, tukachanganya na gundi nyeupe mpaka ikawa kama ugali laini, tukajaza yale mashimo kwa kijiko. Haikukauka mpaka katikati usiku ule, kwa hiyo tuliifunika herufi nzima kwa satini, tukaikaza kwa pini upande wa nyuma, na lulu zote za ule mguu tukazishonea kwenye kitambaa.